Nyota Niliyoibeba Hadi Riruta

Debora na Efraimu, siku mliyonipikia chai ya kuniaga mlitaka niseme neno. Nilisimama, nikasema keki imekauka, nikaketi. Neno nilikuwa nalo, lakini mbele ya watu naona haya, na keki kweli ilikuwa imekauka. Basi nimeliandika hapa. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo herufi zangu ni kubwa na mistari inapanda mlima. Someni polepole.

Habari ya mshahara sitaandika, wala nani alipewa ufunguo wa kabati kabla ya nani. Nitaandika habari ya chungu, maana ndicho mnachobaki nacho.

Kwanza mjue mnamfanyia nani kazi. Sirande ilikuwa nchi yenye mfalme, ng'ambo ya majangwa ambayo hata wenyewe hawakukubaliana ni mangapi. Kila nyumba ya Sirande ilikuwa na nyota yake juu ya paa, na kila nyota ilikuwa na mtu wake katika chama cha wasoma-anga. Mtu huyo aliyaweka mdomoni maneno ya nyumba ile: mlango uko wapi, ukuta umepasuka wapi, nani alizaliwa mle na nani alifia mle. Akizeeka, alimpa mwingine maneno yale. Akifa bila kuyatoa, nyota inazimika, na nyumba ile ni kama haikuwahi kujengwa.

Halafu Sirande ikaanguka, kwa siku moja, kwa vita na moto. Wasoma-anga tisa wakatoka na chungu kimoja cha maji ya kisima cha mji, na ndani ya maji yale lilikuwamo anga lao lote. Walizunguka miaka mingi. Waliposhuka kwenye gari la moshi hapa Nairobi, karani akawauliza kazi yao. Katika karatasi yake hapakuwa na mstari wa kusoma anga. Akaona vyombo vyao vya shaba vyenye magurudumu madogo, akaandika "mafundi saa". Ndiyo sababu mpaka leo tuna duka la saa River Road.

Nilipoajiriwa mimi, mwanzo wa miaka hii ya hamsini, kati ya tisa walibaki wawili: Mzee Oremu, mkuu wa chama, na Bibi Tesina, dada yake mdogo. Wale saba walikuwa wamekwisha kufa, lakini nyota zao zote walimwachia Bibi Tesina. Mzee alibeba moja tu. Hiyo nitaifikia.

Siku ya kwanza nilifika Spring Valley asubuhi, kwa miguu kutoka Riruta nilikopanga chumba. Mume wangu alikuwa amefariki, binti yangu Zipora ameolewa palepale Riruta, na nilikuwa na wajukuu wawili. Ndugu zangu wa magharibi waliniandikia nirudi nyumbani. Sikurudi. Nilikuwa nimesikia kuna wazee wageni wanatafuta mwanamke wa usafi, asiye na maneno mengi.

Nyumba mnaijua: ghala la zamani la kahawa, mabati juu, tundu katikati ya paa. Bibi Tesina alinifungulia. Alikuwa mwembamba kama mwiko, na vilevile mkavu.

"Jina?"

"Mama Zipora."

"Unajua kusafisha?"

"Bibi, mimi ni mtu mzima. Niulize kitu kingine."

Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Chumba chenye tundu. Chote. Nisione vumbi."

Nikasafisha. Katikati ya chumba kulikuwa na chungu cheusi, mdomo mpana, kimejaa maji. Niliyanusa. Yalinuka jiwe. Kwetu maji yaliyokaa siku tatu ni nyumba ya mbu, na haya yalionekana yamekaa zaidi. Nikakibeba chungu nje, nikayamwaga maji kwenye tuta la maboga kando ya ukuta, nikakisugua chungu kwa majivu na mchanga mpaka mkono ukafa ganzi. Nikakirudisha, nikakifunika kwa kitambaa safi, nikangoja kusifiwa.

Saa sita Bibi Tesina akaingia, akafunua kitambaa.

"Maji yako wapi?"

"Yapi, Bibi?"

"Ya chungu!"

"Nimemwaga. Yalikuwa ya zamani."

"Ya zamani!" Alishika ukuta. "Oremu! Oremu! Huyu mwanamke amemwaga anga!"

Mimi nilidhani ni mgonjwa wa kichwa. Mzee Oremu akatoka chumbani kwake na fimbo, polepole. Aliona alama za maji sakafuni, akazifuata mpaka nje, mpaka kwenye tuta. Akapiga magoti penye maboga.

"Tesina," akaita. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Njoo uone."

Na mimi nikaenda, maana hakuna aliyenikataza.

Juu ya majani ya maboga palikuwa na matone ya yale maji. Jua lilikuwa utosini, linachoma. Na ndani ya kila tone palikuwa na usiku. Usiku mweusi, mzima, wenye nyota. Nimekua kijijini, nyota za kwetu nazijua. Hizi hazikuwa zetu. Zilijipanga kwa safu, kama mitaa, na safu ile ile ilikuwa katika kila tone, kubwa na dogo. Upepo ukipita jani linatikisika, na mji mzima wa nyota unatikisika nalo na haumwagiki. Nilisikia magoti yananiuma, ndipo nikajua kwamba na mimi nimepiga magoti.

Tuliyakusanya kwa vijiko vya chai, jani kwa jani, sisi watatu. Tulipata kikombe kimoja na nusu. Yaliyobaki ardhi ilikuwa imekwisha kuyanywa. Bibi Tesina akaniambia nichukue kanga yangu niende. Mzee akasema, "Hapana. Miaka yote tumekibeba chungu hiki kwa hofu, tukidhani maji yakimwagika yamekwisha. Leo yamemwagika, na anga ni lile lile. Huyu abaki."

Nikabaki, na baadaye nikahamia chumba cha uani. Kwa kikombe kile na nusu tulianza upya, tukiongeza maji ya mvua kata moja kila wiki, mpaka chungu kikajaa tena. Mwanzoni nyota zilijazana kama mtama kwenye ungo. Maji yalivyopanda zikapata nafasi.

Na yale maboga? Wiki iliyofuata tuta lile lilitoa majani mapana kama sinia. Sipendi kitu kipotee. Nikayachuma yote, nikayapika kwa magadi na maziwa. Bibi Tesina alikataa hata kuyatazama, Mzee tumbo lake halikuweza mboga, basi nikayala peke yangu siku mbili. Bibi Tesina hakusahau. Kila mwaka mvua ikinyesha alikuwa ananiambia: "Wewe uliyekula mboga za machozi yetu." Nami nilikuwa namjibu kwamba zilipungukiwa chumvi.

Sasa kazi yenyewe. Maji ya kuongeza ni ya mvua, yachujwe kwa kitambaa mara mbili, yaingie kwa kata ukingoni, si katikati. Msimu wa kiangazi vumbi la kahawa ni adui. Chungu kifunikwe mpaka saa sita kasoro. Kabla ya kuinama funga kitambaa kichwani, jasho lisidondoke. Efraimu, wewe hufungi. Nimekuona. Ukiinama pumua kwa pua. Jua likisimama juu ya tundu, uso wako unapotea kwanza majini, halafu mabati yanapotea, halafu ngoja.

Kungoja ndiko kugumu. Mzee Oremu alinifundisha bila kitabu, na kwangu hiyo ilikuwa bahati. Nilikuwa nakodoa macho mpaka yanatoa maji. Akaniambia, "Mama Zipora, unatazama kama mtu anayetafuta sindano. Acha. Keti kama unayengoja mgeni." Mwezi wa tatu, siku moja nimeketi nafikiria bei ya unga, nyota moja ikasogea mbele. Bibi Tesina, aliyeibeba, akaanza kusema maneno yake: nyumba ya mfinyanzi, ngazi saba, ya nne imevunjika, mtini uani, na mke wake alikuwa akiimba akisaga. Na mimi nikaviona: ngazi ya nne, unga mikononi mwa yule mwanamke. Mtu aliyekufa kabla sijazaliwa, katika mji uliokuwa jivu, na nilikaribia kumwamkia. Siku hiyo sikula. Si kwa huzuni. Nilikuwa nimejaa.

Kila Jumanne nilimsindikiza Bibi Tesina dukani River Road kupeleka saa. Watu walikwisha kunong'onezana kwamba mafundi wale wanajua mambo, basi wengine walileta saa nzima kabisa ili wapate kuuliza. Nakumbuka karani mmoja kijana, tai imemkaba.

"Bibi, nataka nyota ziniambie. Wananihamisha Kisumu. Niende au nikatae?"

Bibi Tesina hakuinua uso. "Mke wako anasema nini?"

"Sijamuuliza."

"Nyota zinasema umuulize."

Huo ndio utaratibu wetu, na muushike. Hatumwambii mtu jambo ambalo angelijua kwa kuuliza nyumbani kwake.

Mzee Oremu hakuja dukani hata siku moja. Hakutoka nje ya lango, kwa sababu ya nyota yake. Iliitwa Kizingiti. Ilisimama juu ya nyumba yake mwenyewe, nyumba ya kwanza ukiingia Sirande, na kwa nyota hiyo watu wa Sirande waliotawanyika wangejua njia ya kukirudia chungu. Sheria yake ilikuwa ngumu. Mbebaji wake habebi nyota nyingine, asije akachanganya maneno. Chungu kikipata makao, hatoki nje ya lango. Na hampi mtu nyota hiyo ila mtoto wa Sirande.

Mtoto wa Sirande alikuwa mmoja tu aliyemjua, binti yake Senuri. Siku ya moto msukumano wa watu uliwatenganisha, msichana ana chupa ndogo ya maji ya kisima shingoni, kama watoto wote wa wasoma-anga. Hawakuonana tena. Mzee aliweka kiti chake kikitazama lango. Mtu akikanyaga changarawe, muuza mayai au posta, Mzee aliinua uso. Kisha aliushusha. Miaka niliyokaa pale sikuzoea kuona uso ule ukishuka.

Mwaka wa nne akaugua kifua. Tulimlaza karibu na chungu, na mchana Bibi Tesina akafunua tukatazama. Kizingiti ilikuwa imekuwa nyekundu kama kaa linalozimika.

"Mpe mtu," Bibi Tesina akasema. "Mtu yeyote."

"Sheria, Tesina."

"Sheria ya nchi gani? Nchi imeungua!"

"Ndiyo. Na sheria ndiyo iliyobaki."

"Ukifa nayo, Senuri atatufikiaje? Mtu yeyote wa kwetu atatufikiaje? Tutakaa hapa na chungu mpaka na mimi nife, na hakuna atakayejua!"

Mzee alifumba macho. Nilikuwa nimesimama na beseni la maji ya moto. Bibi Tesina akanigeukia, akanitazama kama siku ile ya kwanza, toka kichwani mpaka miguuni.

"Mboga," akasema.

"Mboga gani, Bibi?"

"Zile za tuta. Ulizila."

"Nilizila. Umenikumbusha kila mwaka."

"Zote?"

"Zote. Na mashina."

Akamshika kaka yake bega. "Oremu. Mtoto wetu akizaliwa tunamfanya nini ili awe wa Sirande?"

"Tunamwekea tone moja la maji ya kisima ulimini," Mzee akasema. Kisha akafumbua macho. Kisha akaanza kucheka, na kikohozi kikamkatiza, akacheka tena. "Tone moja! Huyu amekunywa nusu ya chungu. Hata mfalme hakuwahi."

Basi akanipa. Nilipiga magoti, sikio karibu na mdomo wake. Mlango wa mbao nyekundu. Kizingiti cha jiwe, kimelika upande wa kushoto kwa miguu ya watu. Juu, kiota cha mbayuwayu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukiondoa. Kwenye mwimo wa mlango, alama za kisu, moja kila mwaka, za kupima urefu wa Senuri. "Ya mwisho," akasema, "ya mwisho iko..." Hapo maneno yakamwishia. Akaninyoshea mkono, akaniambia nisimame, Bibi Tesina akamwinua akaketi, naye akakiweka kiganja chake kimelala kwenye kifungo cha tatu cha gauni langu. "Hapa."

Nikayarudia yote mara tatu bila kosa. Ndani ya chungu Kizingiti ikawaka, nyeupe, mpaka mwanga wake ukagonga mabati. Kitu kikakaa chini ya ulimi wangu, kizito na cha baridi, kama kokoto ya mtoni. Asubuhi yake Mzee alikuwa ameondoka.

Jumapili iliyofuata nikafunga kitambaa, nikachukua Biblia na mwavuli. Bibi Tesina alisimama langoni.

"Unakwenda wapi?"

"Riruta. Kanisani, halafu kwa Zipora."

"Mbebaji wa Kizingiti hatoki nje ya lango."

"Mzee hakuwa na wajukuu Riruta."

"Ikizimika njiani?"

Hilo lilinishika, siwadanganyi. Niliogopa. Lakini siku sita nilikuwa nimewapa watu wa Sirande, na ya saba ina mwenyewe. Nikamwambia, "Bibi, maji mliyoogopa kuyamwaga yalimwagika, na anga likabaki. Nyota itazoea kutembea." Nikapita. Hatukusemezana mpaka Jumatano.

Nilipita mashamba ya kahawa ya misheni mdomo nimeubana kama mtu aliyebeba yai. Ulikuwa wakati wa pasi na msako. Askari akanisimamisha, akatazama karatasi yangu juu na chini.

"Mama, umebeba nini?"

"Biblia na mwavuli."

"Hakuna kingine?"

"Wewe unaona nini?"

Akanirudishia karatasi. Jioni niliporudi, Bibi Tesina alinishika mkono kabla sijavua viatu, akanivuta mpaka kwenye chungu. Jua la mwisho lilitosha. Kizingiti ilikuwapo. Jumapili iliyofuata hakusimama langoni.

Dukani sikwenda tena, lakini Riruta nilikwenda hivyo Jumapili zote, mvua na jua, miaka minne.

Mwaka huu Jumapili moja tulitoka kanisani saa sita. Watu wamesimama uani wanasalimiana. Chini ya ukuta nikaona mwanamke mgeni, mvi zimeanza, gauni la vumbi la safari, ameinamia chupa ndogo kiganjani. Akaitazama chupa, akanitazama mimi. Akaitazama tena. Mama mmoja karibu yangu akanong'ona, "Huyo anauza dawa, usimtazame." Yule mgeni akanijia.

"Shikamoo, mama. Samahani. Hebu sogea pale kidogo."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Tafadhali. Hatua tatu tu."

Nikasogea hatua tatu. Akaangalia chupa, akaisogeza karibu na macho. "Sasa rudi."

"Mimi si mbuzi, dada." Lakini nikarudi, maana mwili wangu ulikuwa umekwisha kujua.

Akaninyoshea chupa. Maji ya kijiko kimoja tu, jua la saa sita juu yake, na ndani yake usiku, na katikati ya usiku Kizingiti, imesimama niliposimama.

Alikuwa ng'ambo ya ziwa miaka yote, akiuza vitunguu sokoni. "Kila mchana nilikuwa natazama," akasema. "Miaka mingi imekaa mahali pamoja. Nilidhani ni kovu tu la anga, kwamba nyumba imekufa na baba amekufa nayo. Halafu ikaanza kutembea. Siku sita imetulia, ya saba inakwenda na kurudi. Nikasema, hii imebebwa na mtu mwenye miguu. Nikauza vitunguu vyote nikaifuata."

Watu wa kanisa walikuwa wametuzunguka. Sikujali, mimi ninayeona haya. "Senuri," nikamwambia, "baba yako alingoja. Kiti kilitazama lango mpaka siku ya mwisho."

Alilia mpaka akamaliza. Hatukungoja kufika Spring Valley. Nilimpa palepale, uani kwa kanisa Riruta, kwa sauti, kama nilivyopewa. Mlango wa mbao nyekundu. Jiwe limelika upande wa kushoto. Kiota cha mbayuwayu. Alama za kisu kwenye mwimo. "Na ya mwisho," nikasema, "neno lake sina. Alinionyesha." Nikakiweka kiganja changu kimelala hewani, mbele ya kifungo cha tatu.

Aliutazama mkono ule. Kisha yule mwanamke mwenye mvi akakunja magoti, akashuka, akashuka, mpaka utosi wake ukagusa kiganja changu, akakaa hivyo, mgongo umenyooka, kama mtoto anayepimwa.

Ile kokoto chini ya ulimi wangu haikuwapo tena.

Bibi Tesina alipotuona tunaingia langoni hakupiga kelele. Alikwenda kwenye tuta la maboga, akachuma majani, akapika mwenyewe, akala sahani mbili mbele yangu. Akasema zimepungukiwa chumvi. Tangu siku hiyo tuta lile linamwagiliwa kwa maji ya chungu, na anayeajiriwa hula kwanza. Ndiyo sababu siku yenu ya kwanza mlilishwa mboga, na wewe Debora ukauliza kama hapa hatuli nyama.

Aliyeitoa nyota yake haioni tena. Huo ndio utaratibu. Siku ya kuondoka, baada ya ile keki, nilifunga kitambaa vizuri, nikainama juu ya chungu mara ya mwisho. Niliona mtaa wa mfinyanzi, ngazi ya nne, na nyingine zote. Mahali pa Kizingiti niliona maji tu.

"Ipo?" nikamuuliza Senuri.

"Ipo, Mama Zipora. Inawaka."

"Basi." Nikachukua mwavuli wangu, nikaenda Riruta.